Lori la usiku linamwaga tope la kiwanda kwenye timbo letu. Nani hasa anapaswa kulizuia?

MamaBahati · Jumapili, saa 3 usiku

Jameni, naandika nikiwa na uchungu. Tunaishi upande wa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Nyuma ya mashamba yetu kuna timbo la mawe lililoachwa miaka mingi, tangu mawe mazuri yaishe. Wavulana huenda huko na manati, mbuzi hula majani ya kingoni, na mvua ikinyesha linajaa maji ambayo wengine huyachota kumwagilia sukuma.

Tangu mwezi uliopita kuna lori linakuja usiku, kati ya saa nne na saa saba. Halina maandishi ubavuni. Linarudi kinyumenyume hadi ukingoni, linazima taa, linamwaga, linaondoka. Hizo si taka za nyumbani. Taka za nyumbani tunazijua, tumezizoea. Hili ni tope zito, rangi ya majivu yaliyolowa, harufu yake kama thina ya rangi, inakukaba koo ukiwa bado mbali. Ndani yake mna mitungi ya plastiki ya bluu iliyobanduliwa karatasi zake.

Wiki jana mbuzi wawili wa jirani walikunywa maji ya pale. Mmoja alikufa asubuhi, wa pili akatupa mimba. Siwezi kuapa kuwa ni lile tope, kwa sababu hakuna daktari wa mifugo aliyekuja kumpima. Lakini juzi mwanangu wa miaka sita alirudi nyumbani na mtungi mmoja wa bluu kichwani, amefurahi, anataka tuutumie kuwekea maji ya kunywa. Hapo ndipo usingizi uliponitoka.

Nimeenda kwa mzee wa nyumba kumi, akanipeleka kwa chifu. Chifu akanituma ofisi ya wadi. Kutoka hapo nimezungushwa ofisi mbili zaidi. Moja inasema taka ni kazi ya ile nyingine, na ile nyingine inasema nikileta nambari ya lori, jina la kiwanda na ushahidi wa maabara, watanisikiliza. Mimi nauza maziwa. Maabara nitaitoa wapi?

Naomba anayejua anieleze: kisheria, hii ni kazi ya nani? Na nianzie wapi?

---

Obunga_Kwetu · Jumapili, saa 3 na nusu usiku

Pole sana mama. Kwanza kabisa, huo mtungi utoe nyumbani. Usiuoshe, usimpe mtu. Hapa Kisumu mitungi kama hiyo huuzwa sokoni na watu huwekea maji, hakuna anayeuliza ilibeba nini.

---

NilikuwaStoo · Jumapili, saa 4 usiku

Mama, nimefanya kazi ya stoo kiwandani miaka kumi na moja, na miaka minne ya mwisho nilikuwa ndiye ninayeshika faili la mazingira. Kiwanda sitakitaja, si cha Nakuru. Acha nikueleze njia ambayo hilo tope lilipaswa kupita, ndipo utaona lilipotorokea.

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya ile sheria ya mazingira ya 1999, zilisema hivi. Taka zenye sumu huwekwa kwenye chombo chenye lebo: ni nini, zimetoka kwa nani, anwani yake ipi, pamoja na onyo. Neno la kuonya kuwa ni sumu liandikwe kwa wino mwekundu usiofutika, na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Sasa jiulize mwenyewe kwa nini mitungi yenu imebanduliwa karatasi.

Pili, anayebeba lazima awe na leseni ya kubeba taka kutoka NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira. Tatu, na hili ndilo nataka ulishike, kila safari ina hati ya kufuatilia taka. Ni fomu inayosafiri na lori. Inaonyesha taka zimetoka wapi, ni aina gani, ni kiasi gani, nani kazibeba na nani kazipokea. Mahali pa kupokelea nako pawe na leseni. Kwa hiyo dereva akisimamishwa barabarani saa sita usiku akiwa na tope nyuma, swali ni moja tu: hati iko wapi?

Ubovu uko hapa. Kumwaga tope lenye sumu mahali halali ni ghali. Mahali penyewe ni pachache na pengi pako mbali, upande wa Nairobi na Athi River. Kiwanda kinampa kazi mwenye lori. Mwenye lori anampa mwingine kwa bei ya chini. Huyo wa pili anahesabu dizeli, anaona timbo. Kisha fomu inarudi kiwandani ikiwa na muhuri, na mimi naiweka kwenye faili. Nilikuwa naziweka. Sikuwahi hata mara moja kupiga simu kule kwa mpokeaji nimuulize, je, tani hizi zimekufika? Hakuna aliyeniambia nipige, nami sikupiga. Nalikumbuka hilo kila nikisoma habari kama yako.

Na kila mwaka kulikuwa na ukaguzi wa mazingira. Unafanywa na mtaalamu mwenye leseni, ripoti inakwenda NEMA. Lakini mtaalamu anaajiriwa na kulipwa na kiwanda kile kile anachokikagua. Wengi ni watu waaminifu, nimewaona wakibishana na mameneja. Ila aliyekuwa mkali mwaka huu, mwaka ujao tulimtafuta mwingine.

---

MamaBahati · Jumapili, saa 4 na robo usiku

Asante ndugu. Kwa hiyo hata kama sijui kiwanda, nikiuliza hati ya lori nimefika?

---

NilikuwaStoo · Jumapili, saa 4 na nusu usiku

Wewe usilisimamishe lori, tafadhali. Wanaotupa usiku hawapendi kuonekana. Andika tarehe, saa, nambari ya lori ikionekana, upande lilikotoka na lilikoelekea. Fanyeni majirani watatu au wanne, kila mmoja kwenye daftari lake. Kumsimamisha dereva ni kazi ya polisi na wakaguzi wa mazingira.

---

KaziKwanza · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Nasoma na naelewa, lakini tuangalie pande zote. Kila tukipiga kelele, kiwanda kinafungwa. Nakuru hii tumeona viwanda vikifungwa na vijana wakirudi kucheza draft kwenye kibanda cha kinyozi. Mtu aliyepoteza kazi hana haja na mazingira safi, ana haja na kodi ya nyumba. Je, hakuna njia ya kuzungumza na wenye viwanda bila kuwaita wauaji?

---

Obunga_Kwetu · Jumatatu, saa 1 na nusu asubuhi

Ndugu, hakuna aliyesema kiwanda kifungwe. Mama amesema lori lisimwage sumu mahali mbuzi wanakunywa. Nimekulia Obunga, mto Kisat unapita hapo ukitoka upande wa viwandani hadi ziwani. Baba yangu alikuwa kibarua wa kiwanda. Mshahara wake tuliula, na harufu ya mto tukaivuta. Alipoumwa kifua hakuna aliyemuuliza kama ni cha kazini au cha mtoni. Kwa hiyo kuhusu kazi nakuelewa kuliko unavyodhani. Ila ile gharama ya kutupa taka vizuri, kiwanda kikiikwepa, haipotei. Inalipwa na mama huyu na mtoto wake.

---

KaziKwanza · Jumatatu, saa 2 asubuhi

Hapo umenigusa. Naendelea kusoma.

---

FundiBetri_Kibuye · Jumatatu, saa 5 asubuhi

Mimi nitasema ukweli wangu, mnihukumu mtakavyo. Niko jua kali Kisumu, betri za magari na za sola. Betri ikifa, mteja ananiachia. Ndani yake kuna asidi na kuna risasi, yale madini mazito. Risasi ina bei, huuzwa kwa kilo. Asidi haina bei. Kwa hiyo asidi inamwagwa mtaroni, sahani za risasi zilizomo ndani zinatolewa, na kuna wanaoyeyusha risasi papo hapo kwenye sufuria juu ya makaa ya moto. Moshi wake ni mweupe, mtamu mtamu mdomoni. Nilifanya hivyo miaka sita bila kujua.

Niliacha baada ya kusikia ya Owino Uhuru kule Mombasa. Kijiji kizima, watu kama elfu tatu, walikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza 2007. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, na mtoto wake mchanga akapatikana na risasi kwenye damu. Risasi haiozi. Inakaa kwenye udongo, mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni, inapanda hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wangu wawili walikuwa wakicheza pale nilipokuwa nikivunjia betri.

Sasa nazikusanya nzima bila kuzipasua, nampa mnunuzi anayezipeleka kiwandani. Anayezipasua ananishinda bei, kwa sababu kubeba betri ikiwa na asidi yake ni uzito na ni usumbufu. Nimeomba mara mbili kujua sisi mafundi wadogo asidi na oili chafu tuzipeleke wapi hapa mjini. Nimeambiwa tusimwage. Sawa, hatumwagi. Tuzipeleke wapi? Kila mara wanakuja na faini, sijawahi kuona wakija na pipa.

---

MamaBahati · Jumatatu, saa 6 mchana

Fundi, asante kwa kusema wazi. Wanao wamepimwa?

---

FundiBetri_Kibuye · Jumatatu, saa 6 na dakika ishirini mchana

Mkubwa alipimwa. Ilikuwepo. Wanasema itashuka yenyewe taratibu akikaa mbali nayo, akila vizuri, maziwa na mboga. Anasoma, lakini anasahau haraka. Sitajua kamwe kama ni hiyo.

---

Chupa_na_Barafu · Jumatatu, saa 11 jioni

Habari zenu. Kazi yangu ni maabara ya maji, kanda hii ya magharibi. Mama ameuliza kuhusu ushahidi wa maabara, ngoja nieleze, maana watu wengi hudanganywa na hapa.

Majitaka ya kiwanda yana viwango viwili tofauti. Kikiyatoa moja kwa moja mtoni au ziwani, kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, na COD isizidi 50. Kwa lugha nyepesi, hivyo ni vipimo vya hewa ya oksijeni ambayo uchafu utaila ukishaingia majini. Namba ikipanda, samaki wanakosa pumzi. Lakini kiwanda kikiunganishwa na bomba la majitaka la mji, kanuni hizo ziliruhusu BOD hadi 500 na COD hadi 1000, kwa matumaini kwamba mabwawa ya kusafishia yatapunguza yaliyobaki.

Mabwawa hayo hufanya kazi kwa vijidudu. Vijidudu hula mabaki ya chakula, damu ya machinjio, maziwa, molasi. Havili risasi. Havili kromu ya kiwanda cha ngozi. Metali hutulia chini kwenye tope la bwawa, au hupita zilivyo, na zikiwa nyingi huua hivyo vijidudu, bwawa zima likalala. Kwa hiyo kiwanda kikiingiza sumu kwenye sewa, kimeharibu usafishaji wa mji mzima.

Na kwa Nakuru jambo hili ni zito kuliko kwingine. Mji umekaa kwenye mteremko, juu mlima Menengai, chini ziwa. Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Kinachoingia hakitoki, maji hupanda hewani kwa jua na kilichomo kinabaki. Ndilo eneo la kwanza la Kenya kuandikwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 1990, na tangu 2011 ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO. Jalala la Gioto liko huko juu mteremkoni. Matimbo ya Bahati nayo yako juu. Mvua haihitaji hati ya kufuatilia taka.

Kuhusu ushahidi: usichote mwenyewe. Sampuli ya metali huwekwa kwenye chupa safi ya plastiki na kutiwa asidi kidogo ili metali zisigande ukutani mwa chupa. Ya BOD hukaa kwenye barafu na kufika maabara upesi, siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukileta kwenye chupa ya soda nitakuonea huruma, lakini namba zake wakili wa kiwanda atazitupa kwa sentensi moja. Mkaguzi wa mazingira ana mamlaka ya kuingia mahali bila hati ya mahakama, saa zinazofaa, na kuchukua sampuli. Kwa hiyo kukuambia wewe ulete maabara ni kukubebesha mzigo usio wako.

Jambo moja la mwisho linaloniuma. Sampuli nyingi ninazopokea za viwanda huletwa na viwanda vyenyewe, kila robo ya mwaka, kama leseni ya kutoa majitaka inavyodai. Huchotwa asubuhi ya siku waliyochagua wao. Maji ya saa tatu asubuhi Jumanne ni masafi. Mimi nataka maji ya saa nane usiku, Jumamosi, mvua ikinyesha.

---

Mkulima_Ahero · Jumatatu, saa 2 usiku

Saa nane usiku, mvua ikinyesha. Umesema yote, mwanangu. Sisi wa mpunga tunavuta maji ya mto Nyando. Kuna majira mto unashuka umegeuka rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mara tatu, juu povu, harufu ya molasi iliyochacha. Huwa ni mvua kubwa ya usiku. Asubuhi samaki wadogo wanaelea kandokando, watoto wanawaokota kwa ndoo wakidhani ni baraka. Ukienda kusema, siku ya tatu anafika mtu na gari, anatazama mto. Mto umeshajisafisha. Anakutazama wewe.

Nina miaka 63. Ndugu yangu wa Stoo, wewe ulikuwa ndani. Je, kuna dirisha tunaloweza kuchungulia sisi wa nje?

---

Haki_Mtaani · Jumatatu, saa 3 na nusu usiku

Lipo, mzee. Nafanya kazi ya msaada wa kisheria vijijini, si wakili. Nijibu maswali ya mama na la mzee pamoja.

Kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti uondoaji wa taka na majalala. Ulinzi wa mazingira kwa jumla umewekwa upande wa serikali kuu, na leseni za taka zenye sumu hutolewa na NEMA. Hapo ndipo mnapotupiana mpira. Lakini tope lililomwagwa timboni bila ruhusa ni jalala haramu ndani ya kaunti na pia ni taka zenye sumu bila hati. Ofisi zote mbili zina kazi. Afisa wa afya ya umma naye ana kazi, kwa sababu Sheria ya Afya ya Umma inamruhusu kushughulikia kero inayohatarisha afya. Na maji yanapohusika kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji, pamoja na vyama vya watumiaji maji vya bonde lenu. Usichague mmoja. Andika barua moja, juu weka majina ya ofisi zote nne, ili kila mmoja aone mwenzake ameandikiwa. Nimeona barua ya namna hiyo ikifanya ndani ya wiki moja kazi ambayo safari za miguu za miezi mitatu zilishindwa.

Sasa dirisha la mzee. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imetaja lugha zote mbili. Hutakiwi kueleza kwa nini unataka. Ofisi ina siku 21 za kujibu, inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, na kama habari inahusu uhai wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza, unakwenda Ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.

Omba nini? Usiombe "habari kuhusu uchafuzi", watakujibu kwa kurasa mbili za maneno matamu. Mzee wa Ahero, omba nakala za matokeo ya majitaka ya kila robo mwaka ya wenye leseni ya kumwaga mto Nyando, kwa miaka mitatu. Mama, omba orodha ya wabebaji wa taka wenye leseni katika kaunti yenu pamoja na nambari za malori yao. Lori lenu likiwa kwenye orodha, tunajua pa kuanzia. Lisipokuwepo, tunajua pia.

Na mahakama ipo. Kifungu cha 42 ni haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia au umepata hasara. Watu wengi hawalijui hilo, wanangoja hadi mtu afe. Hiyo kesi ya Owino Uhuru ambayo fundi ameitaja, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kati ya walioonekana kuwajibika kulikuwa na taasisi za serikali zenyewe, NEMA ikiwemo, kwa sababu zilitoa ruhusa au zilinyamaza pale zilipopaswa kusimama. Mimi nasoma hukumu ile hivi: afisa anayekuzungusha leo anaweza kuulizwa kesho alifanya nini na barua yako. Kwa hiyo barua iwepo. Iwe na muhuri wa kupokelewa, tarehe, na nakala yako uiweke mahali panya hawafiki.

---

KaziKwanza · Jumatatu, saa 4 usiku

Kuna kitu sijaelewa. Mwaka 2022 si ilipitishwa sheria mpya ya usimamizi endelevu wa taka? Nilisikia mtengenezaji wa bidhaa atawajibika hadi mwisho wa bidhaa yake.

---

Haki_Mtaani · Jumatatu, saa 4 na robo usiku

Ilipitishwa, ndiyo. Ndani yake kuna wajibu wa mtengenezaji au mwagizaji kufuatilia bidhaa yake hata ikishakuwa taka, na kaunti zimepewa kazi ya kutenga mahali pa kuchambulia na kurejelezea taka. Swali la fundi wa Kibuye linajibiwa hapo kwenye karatasi. Betri iliyouzwa Kenya ingepaswa kuwa na njia ya kurudi. Fundi, waulizeni wawakilishi wa wadi zenu wakati wa maoni ya bajeti: pipa la asidi na oili chafu liko kwenye ukurasa wa ngapi?

---

Ikolomani_Dhahabu · Jumanne, saa 12 asubuhi

Samahani kuingilia. Mnazungumzia viwanda, sisi huku Kakamega sumu yetu haina ukuta wala lango. Ni zebaki. Wachimbaji wanaichanganya na unga wa mawe ili ishike dhahabu, kisha wanachoma donge juu ya jiko, mara nyingi jiko la kupikia, na zebaki inapanda hewani. Kina mama wengi hufanya kazi hiyo wakiwa na watoto mgongoni. Maji ya kuoshea yanaingia vijitoni. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ni wa 2013. Hapa kwetu zebaki bado inauzwa kwenye vichupa vidogo kama dawa ya macho. Nani anamkagua mtu asiye na leseni, asiye na faili?

---

NilikuwaStoo · Jumanne, saa 1 asubuhi

Ikolomani, swali lako linastahili uzi wake. Ufungue, nitakuja. Usiku wa jana sikulala vizuri kwa ajili ya lile jiko.

---

MamaBahati · Jumamosi, saa 10 jioni

Narudi na habari. Nimewasoma wote, kijana wa jirani akanisaidia kuandika barua kwa Kiswahili. Juu majina ya ofisi nne, chini sahihi 31, wawili waliweka vidole gumba. Jumatano tulipeleka. Ofisi moja mhudumu alikataa kugonga muhuri, akasema tuache tu mezani. Tulikaa kwenye benchi. Mama Shiro alikuwa na kisukari na chakula chake kwenye kikapu, akala pale pale. Saa tisa muhuri ukagongwa.

Madaftari yetu yana usiku nne. Nambari ya lori tumeipata herufi mbili na tarakimu mbili, taa ya nyuma ilikuwa imepakwa matope.

Ijumaa walikuja watu wawili. Mmoja afisa wa afya, mwingine mkaguzi, dada mdogo mwenye viatu vya mpira. Nilimwuliza kama atatia asidi kwenye chupa ya metali. Alinitazama kidogo, kisha akanionyesha kichupa chenyewe na akanieleza kila anachofanya. Alichota mahali patatu, la tatu ni kisima cha mzee wa chini. Akaandika kwenye fomu, akanipa nisaini kama shahidi. Aliniambia ofisi yao ina gari moja na yeye anashughulikia eneo kubwa mno. Sikumlaumu. Alishuka timboni mwenyewe, wanaume wakiwa wamesimama juu.

Tumezungushia miiba pande zote, mbuzi hawashuki tena. Ule mtungi wa bluu nimempa mkaguzi, chini kulikuwa na maandishi yaliyogandamizwa kwenye plastiki yenyewe ambayo hawakuweza kuyabandua. Aliyapiga picha mara tatu.

Mwanangu ananiuliza mtungi wake uko wapi.

---

Chupa_na_Barafu · Jumamosi, saa 11 jioni

Mama, maandishi hayo ya kwenye plastiki yanaweza kusema mengi: aliyetengeneza mtungi, mwezi na mwaka. Ni uzi wa kuvuta. Maji ya kisima msitumie hadi majibu yatoke, hata kwa kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu tu, metali hubaki na maji yakipungua zinazidi.

---

Mkulima_Ahero · Jumamosi, saa 1 usiku

Nami nimeandika ombi langu. Mjukuu amelisoma kwa sauti mara mbili. Jumatatu nalipeleka. Siku ya 21 naihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

---

MamaBahati · Jumapili, saa 2 asubuhi

Usiku wa tatu sasa, lori halijaja.

---

Rongai_Juu · Jumapili, saa 3 asubuhi

Wazazi, nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Niko upande wa Rongai, hii ya Nakuru. Jana usiku kuna lori limemwaga kitu kwenye kware ya zamani karibu na njia ya reli. Leo asubuhi harufu ni ya thina. Halina maandishi. Mitungi ya bluu ipo.

---

MamaBahati · Jumapili, saa 3 na dakika tano asubuhi

Ilikuwa saa ngapi? Andika sasa hivi kabla hujasahau, na lilielekea upande gani. Watoto waitwe wasiguse mitungi. Taa ya nyuma ilikuwa na matope?

---

Rongai_Juu · Jumapili, saa 3 na dakika saba asubuhi

Saa tano kasoro robo. Lilielekea barabara kuu. Taa ya kushoto ilikuwa na matope. Ya kulia iliwaka, nimepata nambari yote.